Rubani Naye Anamwamini Nani?

Unafunga mkanda, unasali kimoyomoyo, unamwachia Mungu na kapteni. Sasa kapteni yeye, pale mbele alipokaa, amemwachia nani?

Tulikuwa tunakwenda Mwanza, mimi na mume wangu, kwenye sendofu ya binamu yake. Ndege ya jioni. Mabegi yameshapangwa juu, mikanda imefungwa, watoto wawili nyuma yetu wanagombania dirisha. Mlango ulishafungwa. Mara ukafunguliwa tena. Kapteni akatoka chumba cha mbele, akatupa tabasamu la haraka, akashuka ngazi. Dirishani nikamwona yuko chini, kizibao cha kung'aa juu ya shati lake jeupe, tochi mkononi, anamulika kandokando ya mlango wa nyuma kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Ikaja pikapu na fundi. Fundi akapanda, akashuka, akapanda tena. Akaitwa na mwenzake.

Dakika 50.

Unajua sisi tukicheleweshwa. Dakika kumi za kwanza tunajipepea na kile kitabu cha maelekezo ya usalama ambacho hatujakisoma. Baada ya hapo mtu anaguna, mwingine anafyonya, na hatimaye anapatikana msemaji. Siku hiyo alikuwa mzee mmoja mwenye simu mbili, amekaa kando ya njia. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi mbele: "Rubani gani huyu hajui ndege yake mpaka aitiwe fundi?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nakiri. Mume wangu hakucheka. Tangu ile ajali ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, watu 19 walipopoteza maisha ziwani, safari yoyote ya Kanda ya Ziwa huwa ananishika mkono mpaka magurudumu yaguse ardhi. Anadai ni mapenzi.

Tuliruka, tukafika. Lakini lile swali la mzee likanikaa kichwani sendofu nzima. Hivi kweli kapteni anatakiwa ajue kila kitu cha ndege yake? Na kama hawezi, ni yapi anaruhusiwa kuyapokea kwa kuambiwa tu? Niliporudi Dar nikaanza kusoma ripoti za ajali, jambo ambalo siwashauri wanaosafiri wiki hii. Nilichokikuta humo kimenibadilisha namna ninavyokaa kwenye kiti cha ndege, na kidogo namna ninavyokaa nyumbani kwangu.

Saini moja, mikono mingi

Kisheria jibu ni fupi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambazo nchi zetu nazo zinazifuata, zinasema rubani mkuu ndiye anayewajibika kwa uendeshaji wa ndege, awe ameshika usukani mwenyewe au amemwachia msaidizi wake. Neno la mwisho ni lake. Akiona hakufai kuruka, haruki, hata kama ndani amekaa mheshimiwa, na hata kama bwana harusi anasubiriwa kanisani.

Sasa mwangalie huyo mwenye neno la mwisho kabla ya safari. Anaizunguka ndege, anatazama matairi, mabawa, mdomo wa injini, anaangalia kama kuna kinachovuja. Sawa. Lakini injini hakuifungua. Ndani yake kumekazwaje, hajui; anachokiona ni kitabu cha mafundi, kazi iliyofanyika, saini na namba ya leseni. Mafuta hakuyajaza yeye. Mizigo hakuipakia, analetewa karatasi inayosema abiria wangapi, mabegi kilo ngapi, uzito umelalia mbele au nyuma, na kwa namba hizo ndipo anajua ndege inyanyuke ikiwa na mwendo gani. Hali ya hewa ya kule anakokwenda ameisoma mtu mwingine. Usiku angani hazioni ndege zote zilizo jirani. Kuna mwongoza ndege amekaa mbele ya skrini mahali fulani, ndiye anayemwambia panda, shuka, subiri. Kisha kapteni anatia saini. Jina moja, chini ya kazi ya watu pengine ishirini, na wengine wao hajawahi kuonana nao.

Ukilitafakari sana hili unaweza ukaamua kupanda basi. Usipande basi, barabara zetu unazijua mwenyewe.

Wala isingewezekana vinginevyo. Kapteni anayetaka kuhakikisha kila boliti kwa mkono wake hataruka hata siku moja, na akiruka atakuwa amechoka hoi. Kwa hiyo lazima aamini. Kazi iko kwenye namna ya kuamini, na hapo ndipo nataka nikupeleke Kanada.

Kilo zilizogeuka pauni

Julai 23, 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliondoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Kapteni alikuwa Bob Pearson, msaidizi wake Maurice Quintal. Watu wazoefu wote wawili. Ndege yenyewe mpya, ya kisasa, ya kwanza kwa shirika hilo kupima mafuta kwa kilo badala ya pauni, maana Kanada ilikuwa ndiyo inahamia vipimo vya kilo na mita.

Siku hiyo geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi. Fundi mmoja alikuwa amepata njia ya kuzifanya zisome kwa kuzima sehemu moja ya mfumo. Fundi mwingine huko Montreal akaja kuchunguza, akaiwasha tena ili apime, akakatishwa kazi kabla hajairudisha alivyoikuta. Skrini ikabaki tupu. Kapteni akaelewa, kutokana na maneno aliyoambiwa huku na kule, kwamba ndege imeruhusiwa kuruka hivyo hivyo ilimradi mafuta yapimwe kwa kijiti. Haikuwa imeruhusiwa. Lakini kila mmoja alidhani mwenzake ameshalithibitisha hilo.

Wakapima kwa kijiti. Ndani ya matangi zilikuwemo lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Hapa sasa ni hesabu ya darasa la sita: lita moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilo 0.8. Ila namba waliyopewa ya kuzidishia ilikuwa 1.77, ambayo ni pauni kwa lita, ile ya ndege za zamani. Wakazidisha, wakapata 13,597, wakaziita kilo. Zilikuwa pauni. Kwa hiyo wakaongeza lita 4,916 wakati zilizotakiwa zilikuwa kama 20,000. Ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta yake.

Kinachoniuma zaidi ni kituo cha Ottawa. Kule wakapima tena! Kapteni aliomba wapime tena, kama mtu makini. Wakapima kwa kijiti kilekile, wakazidisha kwa 1.77 ileile, jibu likatoka zuri lilelile. Kila mtu akaridhika.

Wakiwa futi 41,000 juu, taa za tahadhari zikaanza kuwaka. Injini moja ikazimika, kisha ya pili. Fikiria ukimya huo. Ndege kubwa yenye watu 69, na mlio pekee ni wa upepo.

Quintal akapiga hesabu, akaona Winnipeg hawafiki. Akakumbuka kiwanja cha Gimli, kambi ya zamani ya jeshi la anga ambako yeye aliwahi kutumikia. Hakujua kwamba njia mojawapo ya pale ilishageuzwa uwanja wa mbio za magari na kwamba mchana ule kulikuwa na familia zimepiga kambi pembeni. Na Pearson, kwa bahati ambayo hata mtunzi wa filamu angeona aibu kuiandika, alikuwa mrushaji wa ndege zisizo na injini, zile zinazoelea kwa upepo, kama burudani yake ya wikiendi. Akailaza ndege upande, kama vidogo vile vinavyofanywa, ipunguze mwendo na kimo kwa pamoja. Wakatua. Gurudumu la mbele likakunjika, pua ikaburuzika kwenye lami, ndege ikasimama kabla ya kuwafikia watu. Hakufa mtu.

Sasa niambie, Pearson ni shujaa au mzembe? Shirika lake mwanzoni lilimshusha cheo kwa miezi sita. Miaka miwili baadaye, 1985, yeye na Quintal walipewa tuzo ya kimataifa kwa umahiri wao wa urubani. Vyote viwili ni kweli kuhusu mtu yuleyule, siku ileile. Tume ya Jaji Lockwood iliyochunguza iliona mzizi mahali pengine: kwenye ndege za zamani kulikuwa na mtu wa tatu mle ndani, injinia wa safari, ambaye hesabu ya mafuta ilikuwa yake. Ndege mpya ikamwondoa. Kazi yake hakukabidhiwa mtu yeyote waziwazi. Marubani walidhani ni ya mafundi, mafundi walidhani ni ya marubani.

"Nilidhani wewe..."

Hebu kuwa mkweli. Ni mara ngapi neno hilo limesikika chumbani kwenu? Luku imekata saa nne usiku, mchezo umefika dakika ya 80: "Nilidhani wewe umenunua." Mtoto amekaa getini shuleni mpaka saa kumi na moja: "Si ulisema ungempitia?" Hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alimwamini mwenzake, tena kwa moyo mweupe, kwa jambo ambalo mwenzake hakujua kwamba amekabidhiwa.

Mimi na mume wangu tuliwahi kununiana siku mbili kwa sababu ya ada ya shule iliyolipwa mara mbili. Angalau sisi tulirudishiwa.

Boliti zilizofanana

Kuna visa vingine ambavyo kapteni hana hata pa kuulizia. Juni 10, 1990, ndege ya British Airways, BAC One-Eleven, ilitoka Birmingham ikiwapeleka watalii Málaga. Dakika 13 hivi baada ya kuruka, ikiwa futi 17,300, kioo cha mbele upande wa Kapteni Tim Lancaster kiling'oka chote. Hewa ikamvuta nje. Kiwiliwili kikawa nje juu ya paa, miguu ikakwama ndani. Mhudumu Nigel Ogden akamdaka kiunoni, wenzake wakapokezana kumshikilia, na rubani msaidizi Alastair Atchison akaiteremsha ndege mpaka Southampton akiwa hasikii redio vizuri kwa kelele za upepo. Waliamini wanaishikilia maiti. Lancaster akapona, na kabla ya miezi mitano kuisha alikuwa amerudi kazini.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa usiku wa kuamkia jana yake, na kilikuwa na boliti 90. Kati ya hizo, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Msimamizi wa zamu ya usiku alikuwa na watu wachache, akaamua kuifanya kazi mwenyewe. Hakufungua orodha ya vipuri. Alichukua boliti ya zamani mkononi akaenda kutafuta zinazofanana nayo kwenye kabati lenye mwanga hafifu, kwa kuangalia na kupapasa. Mtunza stoo alikuwa amemwambia kwamba kwa kioo kile saizi inayotumika ni nyingine. Alisema mara moja, hakukazania. Msimamizi ni mkubwa wake, mzoefu, anajua anachofanya.

Na kwa taratibu za wakati ule kioo hakikuwa kwenye orodha ya kazi zinazotakiwa kukaguliwa na mtu wa pili. Aliyefunga ndiye aliyesaini.

Kapteni Lancaster angeizunguka ndege yake mara kumi asubuhi ile asingepima unene wa boliti. Hapo hata mimi niliyeanza safari hii nikimtetea mzee wa simu mbili niliona kwamba usalama wa rubani unaweza ukawa umeamuliwa saa tisa usiku kwenye kaunta ya stoo, na mtu ambaye angeweza kuuokoa aliona tabu kurudia sentensi yake mara ya pili.

Shikamoo kapteni

Tunalelewa hivi: mkubwa haambiwi kakosea. Unazunguka, unatafuta mfano, unamtuma shangazi. Ni uungwana wetu na siutukani, umetuokoa na ugomvi mwingi. Lakini ndani ya ndege muda wa kumtuma shangazi haupo.

Wazungu nao wana ugonjwa huu, tusijidharau. Desemba 28, 1978, DC-8 ya United ilizunguka juu ya Portland, Marekani, karibu saa nzima huku kapteni akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Injinia wa safari alikuwa anaona mafuta yanakwisha. Alisema. Ila alisema kama mtu anayetoa taarifa, siyo kama mtu anayepiga yowe. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka kwenye makazi ya watu, wakafa 10 kati ya 189, na yeye akiwa mmoja wao. Ndege yenyewe ilikuwa nzima ukiondoa hilo tatizo la magurudumu. Baada ya hapo wataalamu wa NASA waliita mkutano mwaka 1979, na mwaka 1981 United wakaanzisha mafunzo ambayo leo karibu kila rubani wa abiria duniani anapitia: jinsi ya kufanya kazi kama timu. Kapteni anafundishwa kuuliza na kusikiliza. Mdogo anafundishwa kusema kwa lugha isiyopindapinda: nina wasiwasi, sababu ni hii, napendekeza tufanye hivi. Na asiposikilizwa, anafundishwa mpaka wapi aendelee kusema na wakati gani achukue usukani.

Makapteni wengi wa zamani waliyabeza mwanzoni, wakayaona ni masomo ya kufundishwa tabia njema ukubwani.

Kwetu huku, jeraha la Douala wengi bado wanalo. Usiku wa Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, Boeing 737-800 yenye umri wa miezi michache tu, iliondoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi kukiwa na mvua ya radi. Haikumaliza dakika mbili angani. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko, na watu wote 114 wakafa. Ripoti ya Kameruni iliyotoka mwaka 2010 inaeleza kwamba ndege ilianza kulala upande wa kulia polepole mno gizani, bila alama yoyote nje ya kuwaonyesha marubani, na kwa muda huo hakuna aliyekuwa akizisoma vizuri saa za mbele yake. Kapteni aliamini mtambo wa kujiendesha umeshika kazi. Ulikuwa haujashika, na hapakuwa na sauti ya pili ya kuthibitisha. Ripoti inataja uratibu hafifu kati ya wale wawili. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23.

Sijui, wala sitajifanya najua, walikuwa wakiongeaje wale wawili siku za kawaida. Ila nikisoma hizo namba mbili za umri najiuliza mimi mwenyewe nikiwa na miaka 23, siku za kwanza kazini, ningeweza kumwambia mtu wa rika la baba yangu, "Mzee, hapana, angalia hapo"? Mhariri wangu wa kwanza alikosea jina la waziri kwenye kichwa cha habari ukurasa wa mbele. Nililiona saa mbili kabla gazeti halijakwenda mtamboni. Nikajisemea, labda yeye anajua zaidi.

Karibu, shika hapa

Baada ya hizo, nikupe ya kukutoa machozi ya aina nyingine. Julai 19, 1989, DC-10 ya United ikiwa njiani kutoka Denver kwenda Chicago, injini ya mkiani ilipasuka na vipande vyake vikakata mifumo yote mitatu ya haidroliki. Maana yake usukani ukawa pambo. Kapteni Al Haynes, mwenye miaka zaidi ya 30 kazini, akiwa na wenzake wawili mle ndani, hakuwa na kitabu cha kumwambia afanye nini, kwa sababu waliounda ndege hawakutegemea kwamba hali hiyo inaweza kutokea.

Nyuma kwenye viti vya abiria alikuwepo Denny Fitch, mwalimu wa marubani wa DC-10, yuko safarini kama mimi na wewe. Akamwambia mhudumu kwamba kama wanahitaji msaada yupo. Haynes angeweza kusema hapana. Chumba ni chake, jina lililosainiwa ni lake, na mgeni huyu hamfahamu. Alimwita aingie, na dakika chache baadaye akamkabidhi mikono miwili ya gesi za injini zilizobaki. Wakawa wanaigeuza ndege kwa kuongeza nguvu injini ya huku na kupunguza ya kule, huku watu wa chini wakiwatafutia kiwanja, mpaka Sioux City. Ilianguka wakati wa kutua, ikawaka moto. Walikufa watu 112. Walipona 184. Baadaye marubani wengine walijaribishwa kwenye mashine ya mafunzo kwa hitilafu hiyohiyo, wakashindwa kuitua.

Haynes, mpaka anafariki mwaka 2019, hakukubali kuitwa shujaa peke yake. Alisema wazi kwamba yale mafunzo ya timu ndiyo yaliyowafikisha pale, na kwamba zamani kapteni akisema basi ndiyo imekwisha, na kumbe huyo kapteni hakuwa anajua kila kitu.

Wewe wa kiti cha 14A

Na sisi abiria je? Tunajiona mizigo inayopumua. Januari 8, 1989, ndege ya British Midland kutoka London kwenda Belfast ilipata hitilafu injini ya kushoto. Marubani wakadhani ni ya kulia, wakaizima iliyo nzima. Kapteni akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia imeleta matatizo na imezimwa. Abiria kadhaa waliokaa nyuma, na hata baadhi ya wahudumu, walikuwa wameona cheche na moto upande wa kushoto. Wengine walishangaa lile tangazo. Hakuna aliyekwenda mbele kuuliza. Ndege ilianguka kando ya barabara kuu karibu na Kegworth, ikaua watu 47 kati ya 126.

Sisemi uanze kumgongea rubani mlango kila ukisikia mlio, maana ndege ina milio mingi na yote ni ya kawaida kwa wanaoijua. Ila ukiona kitu, mwite mhudumu umwambie ulichokiona, kwa maneno ya kawaida: "Bawa la upande huu linavuja kitu." Yeye ndiye atajua pa kulipeleka. Kingine, ambacho ni kigumu zaidi kwetu, ni kumwachia kapteni nafasi ya kusema hapana. Kelele zetu za ucheleweshaji zinamfikia. Ana kampuni inayohesabu dakika, ana ndege nyingine inayosubiri nafasi hiyo, na juu yake unamwekea mzee wa simu mbili.

Turudi Mwanza. Tulipotua, kapteni alikuwa amesimama mlangoni anaaga watu, na kwa kuwa uandishi ni ugonjwa, nikamuuliza kulikuwa na nini kule Dar. Alikuwa kijana tu, hata mimi namzidi.

"Mhudumu wangu wa nyuma alisikia mlango umefunga kwa mlio asiouzoea," akasema. "Mimi nilikuwa mbele, sikuusikia."

"Kumbe ulikuwa mbovu?"

"Hapana mama. Mpira wa pembeni ulikuwa umejikunja kidogo. Fundi kasema hata tungekuja nao pengine isingekuwa neno." Akacheka. "Lakini huyu dada anafunga huo mlango mara nane kwa siku. Mimi naufunga lini?"

Yule dada alikuwa nyuma yake, anaokota magazeti kwenye viti. Ni mdogo, hata miaka 25 sidhani kama amefika. Nilimpongeza, akaona haya, akasema alisita sana kwenda mbele kwa sababu abiria tulikuwa tumeshakaa.

Kwenye teksi, tukiwa tumeshapita Ilemela, mume wangu akaniachia mkono ghafla.

"Gesi ulifunga?"

"Si wewe ulichemsha chai?"

Tukampigia dada wa nyumbani. Alikuwa ameshaifunga tangu mchana, na akatuambia kwamba ule mpira wa gesi umepasuka, alituambia wiki iliyopita.